Alishindwa au alikataa? Barua ya wazi kuhusu uvunjaji wa masharti ya uangalizi

Kwa waheshimiwa majaji na mahakimu, wakuu wa idara za uangalizi, waendesha mashtaka na watunga sheria.

Waheshimiwa,

Kuna sentensi tunayoikuta kwenye majalada ya watu waliowekwa chini ya uangalizi badala ya kufungwa, imeandikwa na mikono tofauti lakini kwa maneno yale yale: "Mhusika ameshindwa kutii masharti ya amri. Naomba itolewe hati ya kumkamata." Haina tarehe, haina namba ya sharti, haisemi alitafutwa vipi wala alijieleza nini. Hakimu anasoma, anatia saini, jalada linarudi kabatini. Miezi 9 baadaye polisi wanamkuta mtu huyo kwenye ukaguzi wa barabarani, anawekwa mahabusu jalada litafutwe, na siku anayopandishwa kizimbani anaulizwa kwa nini hakuripoti Jumatano fulani ya mwaka uliopita. Hiyo Jumatano yenyewe haikumbuki. Afisa aliyeandika naye ameshahamishwa kituo.

Kiswahili chenyewe kinatutega hapo. "Ameshindwa kutii" tunamsemea aliyekosa nauli, na maneno hayo hayo tunamsemea aliyehama usiku bila kuaga ili asionekane tena. Kwenye mazungumzo ya kawaida haidhuru. Kwenye karatasi inayoweza kumpeleka mtu gerezani, inadhuru sana. Tunachoomba katika barua hii ni kwamba hati ya kukamata isitolewe, wala amri isifutwe, mpaka taarifa ya afisa iwe imejibu swali moja kwa ushahidi: alishindwa, au alikataa?

Msituelewe vibaya. Amri ya uangalizi, wengine huiita probesheni, mitaani huitwa kifungo cha nje, ni amri ya mahakama kama amri nyingine. Aliyekubali masharti mbele ya hakimu ili asiende ndani, kisha akayafanya mzaha, astahili kuitwa na kuulizwa, na mara nyingine astahili kwenda ndani. Tatizo ni kwamba utaratibu wa sasa katika ofisi nyingi hauwezi kumtambua huyo. Unawachota wote kwa wavu mmoja.

Swali letu si geni kwenye sheria. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu adhabu zisizo za kifungo, zinazojulikana kama Kanuni za Tokyo na zilizopitishwa na Baraza Kuu Desemba 1990, zimeligusa katika kanuni ya 14. Amri hubadilishwa au kufutwa baada tu ya kuchunguza kwa makini yaliyoletwa na afisa na yaliyoletwa na mhusika mwenyewe. Kushindikana kwa adhabu ya nje hakupaswi kuleta kifungo moja kwa moja. Kwanza itafutwe adhabu nyingine ya nje inayofaa. Na mhusika ana haki ya kukata rufaa. England na Wales, sheria yao ya 2003 ilimtaka afisa aamue kwanza kama mtu amekosa kutimiza sharti bila sababu ya msingi. Akiona hivyo, humpa onyo linaloeleza kosa lenyewe, isipokuwa jambo likiwa zito la kufika mahakamani papo hapo, na kosa la pili la namna hiyo ndani ya miezi 12 ndilo linalomrudisha mbele ya mahakama. Maneno "bila sababu ya msingi" ndiyo moyo wa jambo. Afisa hawezi kuyaandika bila kwanza kuuliza sababu.

Tuanze na amri yenyewe, maana ukiukaji mwingi huzaliwa siku ile ile amri inapotolewa.

Chukua amri ya kawaida ya miezi 24. Kuripoti mara moja kwa wiki: mara 104. Darasa la ushauri mara mbili kwa wiki kwa wiki 26: mara 52. Kazi za jamii saa 100, kwa saa 5 kila siku: siku 20. Jumla ni miadi 176, kila moja na saa yake na mahali pake. Mtu mwaminifu kiasi cha kutimiza miadi 98 katika kila 100, na ni wachache wetu wanaofikia hapo hata kwa daktari wa meno, atakosa mara 3 au 4 kabla amri haijaisha. Kwa maneno mengine, amri hii imeshapanga ukiukaji wake. Kinachobaki ni kujua tu utatokea mwezi gani, na atakuwa mbele ya afisa wa namna gani siku hiyo.

Mshona viatu wa Boston, John Augustus, anayetajwa kama mwanzilishi wa kazi hii, alipomdhamini mlevi wake wa kwanza mwaka 1841 alipewa wiki 3 tu za kumwangalia. Mtu yule aliporudi mahakamani akiwa na akili timamu, alitozwa faini ya senti 1 na gharama za kesi. Hatusemi turudi kwenye wiki 3. Tunasema muda mrefu si alama ya umakini. Sheria ya probesheni ya Kenya, kwa mfano, inaruhusu amri ya kuanzia miezi 6 hadi miaka 3. Kati ya hapo na hapo pana nafasi kubwa ya kufikiri, na miaka 3 isiwe ndiyo namba ya kwanza inayomjia hakimu kichwani.

Baada ya idadi, maneno. "Awe na tabia njema." "Asishirikiane na watu wabaya." "Aripoti kila atakapohitajika." Haya yameandikwa kwenye amri nyingi, na hakuna hata moja linaloweza kupimwa. Kipimo chetu ni chepesi: wape maafisa wawili wasiojuana wasome sharti, kisha waeleze kisa kimoja. Wasipokubaliana kama sharti limevunjwa, hilo si sharti. Liandikwe upya hivi: "Aripoti kwa afisa wa uangalizi Jumatatu ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana. Asiweze kufika, apige simu ofisini kabla ya saa 6 mchana wa siku hiyo." Hapo kila mtu anajua mstari uko wapi, hata mke wake, na mara nyingi mke ndiye anayemkumbusha.

Kanuni za Tokyo zinataka masharti yawe ya kutekelezeka, yenye maneno mahususi, na machache kadiri inavyowezekana. Sisi tungesema yasizidi 6. Sharti la saba likitakiwa, hakimu aandike ni kosa gani au hatari gani linalikabili. Ukiombwa sababu ya kila sharti, mengi yanajiondoa yenyewe.

Kisha kuna masharti yanayopigana. Mtu anaamriwa awe na kazi, na anaamriwa aripoti Jumanne na Alhamisi saa 4 asubuhi, saa ambayo hakuna mwajiri wa kibarua atakayemruhusu kila wiki. Anaamriwa awe ndani kuanzia saa 1 jioni, na kazi aliyoipata ni ya ulinzi wa usiku. Anakatazwa kukutana na mtu yeyote aliyewahi kufungwa, naye anaishi chumba kimoja na kaka yake aliyewahi kufungwa. Kila sharti kwa peke yake ni jema. Ukiyaweka pamoja, mtu hawezi kutii moja bila kuvunja jingine, na atavunja lile linalomgharimu mkate wa siku. Karani wa mahakama akipewa dakika 10 kabla ya amri kusainiwa, amuulize mshtakiwa ratiba yake ya wiki na aiweke kando ya masharti, migongano hii itaonekana yote mezani.

Kuhusu maelezo kwa mshtakiwa tutakuwa wafupi. Sheria nyingi, ile ya Kenya ikiwamo, zinataka mahakama imweleze kwa lugha nyepesi maana ya amri na yatakayompata akiivunja, naye akubali kwa hiari kabla amri haijatolewa. Kumsomea haraka na kumuuliza "umeelewa?" si kueleza. Kila mtu aliye kizimbani husema ameelewa. Mwambieni arudie kwa maneno yake: utaripoti lini, wapi, ukiumwa utafanya nini? Asipoweza kujibu, aelezwe tena. Nakala apewe mkononi, na kama hasomi, ajue nani atamsomea nyumbani.

Sasa amri imeanza, na siku moja hakuja.

Saa 48 za mwanzo ndizo zinazoamua karibu kila kitu, na ndizo zinazopotezwa. Aliyekosa miadi ya kwanza kwa sababu ya kweli, kama mtoto kuumwa au gari kuharibika njiani, huanza kuogopa jioni ile ile. Amesikia kwamba ukikosa unafungwa. Wiki inayofuata haendi, kwa sababu ya ile ya kwanza. Ya tatu haendi, kwa sababu ya zile mbili. Mwishoni anazima simu na kuhama. Ukitazama jalada utaona mtoro. Ukweli ni kwamba utoro ulitengenezwa na ukimya wa ofisi. Simu moja siku ya pili, "hukufika jana, kuna nini, njoo kesho", ingeuzuia. Hii ndiyo sababu tunasisitiza saa 48 na si siku 14.

Na ofisi nayo ijiangalie. Mtu amefika, afisa yuko mahakamani, mlango umefungwa, mlinzi amemwambia aje kesho, na kwenye daftari ameandikwa hakuripoti. Dawa yake ni kadi ya kuripotia anayobaki nayo mhusika, yenye safu nne: tarehe, saa aliyofika, saini ya aliyempokea, miadi ijayo. Afisa akiwa hayupo, yeyote wa mapokezi agonge muhuri. Daftari la ofisi likipotea au likiloa, kadi inasema. Ni kipande cha karatasi ngumu, lakini tumeona hoja nzima ya ukiukaji ikianguka kwa sababu yake, na nyingine ikisimama vizuri kwa sababu hiyo hiyo.

Ikifikia hatua ya kuandika taarifa, iandikwe namna hii. Tunaweka mfano wa kubuni, kwa kuwa maelezo ya jumla hayasaidii:

"Sharti namba 3, kuripoti Jumatatu ya kwanza na ya tatu. Hakuripoti tarehe 6 na tarehe 20. Nilimpigia simu tarehe 7 saa 4 asubuhi, haikupatikana. Tarehe 8 nilimpigia mdhamini, akasema mhusika ametolewa kwenye nyumba ya kupanga na amehamia kwa dada yake. Tarehe 22 nilifika kwa dada, nikamkuta. Anasema aliogopa kuja kwa sababu alikuwa hajatoa taarifa ya kuhama. Kabla ya hapo ameripoti mara 17 kati ya 17. Maoni yangu: tarehe 6 alishindwa, tarehe 20 aliogopa. Naomba anwani irekebishwe na apewe onyo la maandishi. Siombi hati."

Linganisheni na ile sentensi ya mwanzo. Hii imemchukua afisa nusu saa zaidi na safari moja. Imeiokolea mahakama tarehe tatu au nne za kuahirisha, na magereza kitanda kimoja. Namba ile, 17 kati ya 17, ndiyo inayokosekana zaidi kwenye taarifa zote tunazozisoma, na ndiyo hakimu anayoihitaji kuliko nyingine. Mtu aliyekosa mara 2 kati ya 19 na aliyekosa mara 2 kati ya 3 hawafanani hata kidogo.

Majibu ya ofisi yawe na ngazi, na ngazi hizo mhusika azijue tangu siku ya kwanza. Kukosa mara ya kwanza bila sababu: mazungumzo na onyo la maandishi. Mara ya pili ndani ya miezi 12: kikao mbele ya mkuu wa ofisi, ratiba kubadilishwa au kuripoti kuongezwa kwa wiki 4. Mara ya tatu: wito wa kufika mahakamani, wito, si hati. Hati ije pale wito umepuuzwa au pana ushahidi kwamba mtu amekimbia. Afisa awe na uwezo wa kupunguza au kusogeza ratiba bila kwenda kwa hakimu. Kuongeza sharti jipya kubaki kazi ya mahakama peke yake. Mkiacha maafisa waongeze masharti ofisini, mtarudi kwenye miadi 176 kwa mlango wa nyuma.

Kuna wanaosema dawa ni kukamata haraka na kufunga siku chache kila mara. Hoja hiyo ilipata nguvu kutoka Hawaii, ambako Jaji Steven Alm mwaka 2004 alianzisha mpango wa kumkamata mara moja kila anayevunja sharti na kumweka ndani siku chache tu, badala ya kumwonya mara kumi kisha kumfunga miaka. Matokeo ya mwanzo yalisifiwa sana. Mpango ulipojaribiwa katika majimbo mengine manne ya Marekani, matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 hayakuonyesha kwamba unapunguza makosa mapya kuliko uangalizi wa kawaida. Kwetu fundisho ni kwamba wepesi na uhakika wa jibu vina maana, na jibu lenyewe si lazima liwe selo. Siku 3 za mahabusu kwa kibarua ni kazi aliyoipoteza. Onyo linalofika kesho yake lina uzito kuliko kifungo kinachofika baada ya miezi 9.

Sehemu inayotuudhi zaidi ni vipimo vya dawa za kulevya. Kile kikombe cha mkojo chenye vijistari ni kipimo cha kuchuja tu. Kinatambua kundi la kemikali, hakitambui dawa fulani. Baadhi ya dawa za mafua zenye sudoefedrini zinaweza kukifanya kionyeshe amfetamini, na mbegu za mpopi zilizomo kwenye vyakula vya kuoka zinaweza kuonyesha afyuni. Jibu la "ndiyo" kwenye kikombe linapaswa kuthibitishwa maabara kwa mashine inayotenganisha kemikali moja moja na kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake. Kisha lipo suala la muda. Aliyekuwa akivuta bangi kila siku anaweza kuonekana nayo kwenye mkojo hata wiki 4 baada ya kuacha. Kipimo cha wiki ya pili baada ya amri hakithibitishi kwamba amevuta baada ya amri. Kinathibitisha kwamba alikuwa mvutaji, jambo ambalo mahakama ilishalijua. Kwa hiyo: kipimo cha siku ya kwanza kichukuliwe kama msingi, orodha ya dawa anazotumia iandikwe kabla hajakojoa na si baada, na hakuna taarifa ya ukiukaji itakayopelekwa kwa kikombe peke yake.

Vifaa vya kielektroniki vya mguuni, vya kuonyesha mtu yuko wapi, vina mambo yake. Vingi huhitaji kuchajiwa kama saa 1 hadi 2 kila siku, na betri ikiisha mawasiliano hukatika, ingawa mtu hajakata mkanda wala kukimbia. Mawimbi ya setilaiti hudhoofika ndani ya majengo ya zege, na nukta kwenye ramani inaweza kuruka makumi ya mita wakati mtu amekaa kitandani kwake. Anayeleta taarifa ya ukiukaji kutokana na kifaa alete rekodi ya saa 24 kabla na saa 24 baada, hali ya betri ikiwamo. Nukta moja iliyoruka na kurudi ndani ya dakika 2 si safari.

Pesa. Hapa ndipo swali la alishindwa au alikataa liliwahi kufika mbali kuliko popote. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Bearden dhidi ya jimbo la Georgia. Bearden alikuwa chini ya uangalizi, ameamriwa kulipa faini ya dola 500 na fidia ya dola 250. Alikopa kwa wazazi wake akalipa dola 200 za mwanzo. Zilizobaki, dola 550, alipaswa kuzilipa ndani ya miezi 4. Mwezi mmoja hivi baadaye akapunguzwa kazini. Hakuwa anajua kusoma, alitafuta kazi nyingine hakupata, na kabla ya tarehe ya mwisho akaiambia ofisi ya uangalizi kwamba atachelewa. Uangalizi ukafutwa, akafungwa. Mahakama ya Juu ikasema haifai: kabla ya kumfunga mtu kwa kutolipa, ulizeni kwa nini hakulipa. Kama alikuwa nazo akagoma, au hakufanya bidii ya kweli kuzitafuta, mfungeni. Kama alijitahidi akakosa, tafuteni adhabu nyingine, na gereza liwe pale tu ambapo njia nyingine hazitoshi. Tungependa kila hakimu aisome kesi hiyo, maana imebeba hoja yetu yote kwa hesabu ya dola 550. Kwa utendaji, taarifa ya kutolipa iambatane na karatasi moja ya mapato na matumizi: anaingiza kiasi gani kwa mwezi, anategemewa na wangapi, amelipa mara ngapi na kiasi gani. Aliyelipa kidogo kidogo kila mwezi si mgomaji.

Kosa jipya ni jambo jingine, na mara nyingi linachanganywa. Kushtakiwa si kutiwa hatiani. Ukisikiliza ukiukaji kabla ya kesi mpya, mhusika anabanwa pande mbili: akinyamaza, amri inafutwa, akijitetea, maneno yake yanamfuata kwenye kesi. Na kwa kuwa katika mahakama nyingi ukiukaji huthibitishwa kwa kiwango cha chini kuliko kile cha kutoacha shaka ya msingi, njia hii imekuwa mkato wa kumfunga mtu kwa kosa ambalo ushahidi wake haukutosha. Kesi mpya iishe kwanza. Pakiwa na hatari kwa mtu, kuna dhamana na masharti yake ya kulinda.

Tukitaja hatari: sharti la kutomkaribia aliyejeruhiwa haliko kwenye ngazi tulizozieleza. Aliyeamriwa asimkaribie mwanamke aliyempiga, akaonekana mlangoni kwake, hapewi onyo la maandishi. Afisa amjulishe aliyejeruhiwa na polisi siku hiyo hiyo, na jalada lifike kwa hakimu bila kungoja foleni. Swali letu bado linaulizwa, kwa sababu kuna miji midogo ambako soko ni moja na watu hukutana pasipo nia, lakini linaulizwa mtu akiwa tayari mbele ya mahakama. Inatushangaza kwamba ofisi zile zile zinazotoa hati kwa Jumatano moja iliyokosekana huweza kukaa wiki nzima na taarifa ya namna hii.

Kwenye usikilizwaji wenyewe tunaomba mambo ambayo mahakama inayajua. Mahakama ya Juu ya Marekani iliyaweka mwaka 1973 katika kesi ya Gagnon dhidi ya Scarpelli: kikao cha awali cha kuona kama kuna sababu ya kumshikilia, kisha kikao kamili, mhusika apewe taarifa ya maandishi ya anachodaiwa kukiuka, aone ushahidi, alete mashahidi wake, awahoji wa upande wa pili, na uamuzi uandikwe pamoja na sababu. Afisa aliyeandika taarifa awepo. Akiwa amehamishwa, aletwe au asikilizwe kwa njia ya video. Asome mwingine taarifa isiyo yake na ulizeni maswali mawili muone majibu yatakavyokuwa.

Uamuzi ukiwa ni kufuta amri, adhabu inayotolewa ni ya kosa la awali. Si adhabu ya kuikasirisha mahakama. Kijana aliyeiba simu, ambaye siku ile angefungwa miezi 4, hawezi kufungwa miezi 18 kwa kuwa "alipewa nafasi akaichezea". Na aliyoyatimiza yahesabiwe. Akiwa amefanya saa 80 kati ya 100 za kazi za jamii, saa 80 hizo haziwezi kuyeyuka. Sheria ya England na Wales ya 2003 iliilazimisha mahakama izingatie kiasi ambacho mtu ameshatimiza, na hakuna ugumu wowote kuiga hilo hata kabla bunge halijakaa: sentensi moja kwenye hukumu inatosha.

Limebaki suala la hati za zamani. Hati haizeeki. Amri ya miezi 12 iliisha miaka 3 iliyopita, mhusika anaamini yuko huru, ana duka na watoto, na jina lake bado limo kwenye orodha kwa miadi mbili alizokosa. Tunapendekeza kila mahakama ipitie hati za ukiukaji zenye zaidi ya miezi 12. Zile zisizo na kosa jipya wala mtu wa kulindwa zigeuzwe kuwa wito. Na iwekwe siku moja ya mwezi, ijulikane, ambayo mtu mwenye hati anaweza kujileta mwenyewe asubuhi, akasikilizwa siku hiyo hiyo bila kupitishwa selo kwanza. Atakayejileta ameshajibu nusu ya swali letu.

Kwa ofisi zitakazotaka kuanza kesho bila kusubiri waraka, tunaacha hapa maneno ya barua ya saa 48. Inatosha nusu ukurasa, na ujumbe wa simu unaweza kuibeba:

"Hukufika ofisini Jumatatu tarehe 6 kama amri yako inavyotaka. Bado hujapelekwa mahakamani. Fika Alhamisi tarehe 9 kati ya saa 2 asubuhi na saa 9 alasiri uje na kadi yako. Kama uliumwa, njoo na karatasi ya hospitali. Kama umehama au umepata kazi mpya, tuambie, ratiba inaweza kubadilishwa. Kama huwezi Alhamisi, piga simu leo. Usipofika wala kupiga simu, tutaandika kwa mahakama Ijumaa tarehe 10, na mahakama inaweza kukuita."

Wenu katika kazi,

Sisi tunaofanya kazi za uangalizi, utetezi na ukarani wa mahakama